Sura ya Tano: Kwanza Awe na la Kusema

Mtoto anayemaliza elimu ya msingi katika shule ya serikali huko Mahina, Igoma au Buhongwa, jijini Mwanza, amefundishwa hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Kiingereza amekiona kama somo moja kati ya mengine, mara nyingi kwa mwalimu ambaye naye hakuwahi kupata nafasi ya kukizungumza. Januari inayofuata anaingia kidato cha kwanza katika shule ya kata, pengine mwendo wa dakika ishirini kutoka ile aliyoiacha, na huko karibu kila kitabu isipokuwa cha Kiswahili kimeandikwa kwa Kiingereza. Anapewa wiki chache za kozi ya awali ya lugha, kisha Biolojia inaanza, Jiografia inaanza, na mtoto aliyekuwa hodari wa kuuliza maswali darasa la saba ananyamaza. Walimu wa Kiingereza huulizwa kila mara wafanye nini ili vipindi vyao vivutie, na majibu wanayopewa yanajulikana: leteni nyimbo, leteni michezo, leteni projekta. Hayo si mabaya. Ila hayagusi kiini cha tatizo. Ninachotetea katika sura hii ni kwamba kipindi cha Kiingereza kinachosha kwa sababu kinamtaka mwanafunzi atumie lugha wakati hana jambo lolote la kusema. Kitaacha kuchosha siku kitakapoanza na mambo anayoyajua yeye, yanayomgusa, na ambayo ana sababu ya kuyaeleza.

Udhaifu wenyewe una historia ndefu, na umepimwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza Kiingereza katika shule na vyuo vya Tanzania. Walihitimisha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari walikuwa na kiwango cha chini mno kuweza kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Hata hivyo walipendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia, na mradi mkubwa wa kukiimarisha ukafuata, pamoja na vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa. Mwaka 2010 utafiti wa mpango uitwao Uwezo ulikuta kwamba karibu nusu ya wanaomaliza elimu ya msingi hawawezi kusoma Kiingereza cha kiwango cha darasa la pili. Miaka miwili baadaye, katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012, takriban watahiniwa sita kati ya kumi walipata daraja sifuri pale matokeo yalipotangazwa mara ya kwanza, na taifa zima likashtuka. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na humo malalamiko ni yaleyale: watahiniwa hawakuelewa swali, wameshindwa kuunda sentensi, wamenakili maneno ya karatasi ya mtihani wakayarudisha kama jibu. Hilo la mwisho lafaa lituumize zaidi ya mengine. Mtoto anayenakili swali ana bidii ya kujaza karatasi, na amekaa miaka minne kwenye masomo ya Kiingereza, lakini hakufundishwa kuweka neno lake mwenyewe mahali pa jibu.

Tazama jinsi kipindi cha kawaida kinavyokwenda. Mwalimu anaandika mada ubaoni, tuseme sentensi za masharti. Anaeleza kanuni, anatoa mfano wa mvua ikinyesha tutakaa nyumbani, darasa linaurudia kwa sauti moja, kisha yanafuata maswali kumi ya kujaza nafasi. Zaidi ya nusu ya darasa hupata nane au tisa kati ya kumi, kwa kuwa umbo linabashirika, na mwalimu anaondoka akiamini mada imeeleweka. Mwezi mmoja baadaye waambie haohao waandike aya moja inayohitaji sharti, utakuta hakuna aliyelitumia. Umbo lilikuwepo, maana haikuwepo. Hakuna aliyejali kama mvua ilinyesha au haikunyesha, wala nani alikaa nyumbani. Sentensi ile haikuwa ya mtu yeyote. Mwanafunzi anajua jambo hilo hata kama hawezi kulieleza, na uchovu tunaouona usoni mwake kipindi cha saa saba mchana ni hukumu ya haki juu ya sentensi zisizo na mwenyewe.

Sasa ichukue mada hiyohiyo uipeleke ziwani. Vijana wa wilaya ya Nyamagana, hasa wa kata zilizopakana na maji kama Igogo, Mkuyuni, Butimba na Luchelele, wanajua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya dagaa hupumzika kwa sababu mwanga wa taa haung'ari tena kuwavuta samaki. Mwalimu aanze na swali moja tu, tena kwa Kiswahili: kwa nini bei ya dagaa katika soko la Mwaloni hupanda siku fulani za mwezi kisha ikashuka? Mikono itanyanyuka ambayo haijanyanyuka tangu muhula uanze. Mmoja atasema habari za mwezi, mwingine atasema habari za upepo, binti ambaye mama yake anaanika dagaa atasema kwamba mvua ikiwanyeshea wakiwa mchangani wanageuka rangi na kununuliwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mwalimu ameandika ubaoni maneno sita au saba tu ya Kiingereza: mwezi, taa, mtumbwi, wavu, mvua, bei, kuharibika. Kisha anawaambia wawili wawili waandike wanachojua. Sentensi ya kwanza itakuja karibu yenyewe: "If the moon is bright, the boats do not go out." Hiyo ni kanuni ya maumbile, na sharti la namna ya sifuri limepatikana bila kulikariri. Halafu mwalimu anarudi kwa yule binti na mvua ya wiki iliyopita. Mama angefanya nini kama angejua? "If she had known, she would have covered the dagaa." Sharti la tatu, ambalo walimu wengi hulihesabu kuwa gumu kuliko yote, ni lugha ya majuto tu, na majuto yanahitaji hasara ya kweli. Gunia la dagaa lililoharibika ni hasara inayoeleweka kila mahali hapa. Makosa yatakuwepo, mengine mengi, ila sasa yatakuwa makosa ya mtu anayejaribu kusema jambo. Anayejaribu kusema jambo huyapokea masahihisho, kwa kuwa anataka jambo lake lieleweke.

Mbinu hii ina nguvu kwa sababu ambayo haihusiani na samaki. Katika kipindi cha kawaida mwalimu anajua kila jibu kabla hajauliza, na mwanafunzi anajua kwamba anajua. Hakuna habari inayopita kati yao. Mazungumzo ya namna hiyo hayapo popote nje ya darasa, isipokuwa labda polisi. Lakini mwalimu aliyetoka Kilimanjaro au Mbeya akapangiwa Mwanza hajui kwa nini kuna siku wachuuzi hawapati dagaa. Mwanafunzi anajua. Ghafla swali la mwalimu ni swali la kweli, na jibu la mwanafunzi lina thamani kabla halijapewa alama. Vivyo hivyo kauli ya kutendwa, ambayo vitabu huifundisha kwa sentensi za wezi kukamatwa na barua kuandikwa, ina makao yake ya asili katika safari ya sangara: anavuliwa, anapimwa, anapoozwa kwa barafu, anapelekwa kiwandani, anachunwa minofu, bondo linatolewa na kuuzwa peke yake kwa bei ambayo inashinda ya samaki mwenyewe, minofu inafungwa na kusafirishwa. Hakuna anayeuliza nani alimchuna, kinachotafutwa ni hatua gani inafuata, na hiyo ndiyo kazi ya kauli ya kutendwa katika Kiingereza. Usemi wa taarifa nao unakuja mwanafunzi anapomhoji bibi yake kwa Kisukuma, au kondakta wa daladala kwa Kiswahili, halafu akaja kulieleza darasa kwa Kiingereza alichoambiwa.

Neno "kufaa" limetumiwa vibaya sana katika mijadala ya elimu, na napenda kulitenganisha na ahadi ya ajira. Wanafunzi huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba Kiingereza ni ufunguo wa kazi. Wengi wao, wakitazama mtaani, hawaoni ushahidi. Mwanza ni jiji la pili kwa ukubwa nchini, wilaya ya Nyamagana peke yake ilikuwa na watu karibu laki sita katika sensa ya 2022, na biashara yake inakwenda kwa Kiswahili kuanzia soko kuu hadi stendi ya Nyegezi. Hata mfanyabiashara wa Kampala anayenunua samaki huku hujikakamua kwa Kiswahili. Kweli kuna watembeza wageni kisiwa cha Saanane, kuna mafundi waliofanya kazi chini ya wakandarasi wa Kichina kwenye daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 na kwenye reli ya kisasa ya kwenda Isaka, kuna wauguzi wa Bugando wanaosoma maelezo ya dawa. Hao ni sehemu ndogo ya darasa la watoto themanini. Kumwambia mtoto wa miaka kumi na nne avumilie sentensi tupu kwa miaka minne ili pengine apate kazi ambayo hajamwona jirani yeyote akiifanya ni kumtaka imani kubwa kuliko ile tunayowataka watu wazima. Jambo linalofaa lazima lifae leo.

Na leo mwanafunzi huyu ana haja moja kubwa ya Kiingereza ambayo mara nyingi mwalimu wa Kiingereza haitazami: kipindi kinachofuata. Saa nne ana Biolojia, saa tano ana Jiografia. Anakutana na mada ya mazingira ya majini, na kitabu kinazungumzia virutubisho, mwani, upungufu wa oksijeni na spishi ngeni, kwa lugha ambayo haijui. Hata hivyo mambo yenyewe yamelala nje ya dirisha. Magugu maji yameyasumbua maji haya kwa zaidi ya miaka thelathini. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, na furu wa aina nyingi walipungua au kutoweka baada yake. Mwalimu wa Kiingereza akichukua aya moja ya kitabu cha Biolojia, akaifanya kifungu cha ufahamu, akawasaidia wanafunzi kuichambua, kuieleza upya na kuihoji, atakuwa amefundisha Kiingereza na kuokoa Biolojia kwa mkono mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakishirikiana na wenzao wa Bristol waliwahi kuandaa vitabu vya kidato cha kwanza vilivyokwenda kwa roho hii, vyenye sentensi fupi, faharasa ya Kiswahili, na shughuli za kuzungumza kabla ya kuandika. Hilo halihitaji kusubiri kitabu kipya. Linahitaji walimu wawili wa shule moja wakae meza moja Ijumaa mchana waulizane wiki ijayo unafundisha nini.

Hapa watu wengi makini huleta pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Wanasema: mtoto wa Mwanza ameshalijua ziwa. Shule ipo kumtoa huko na kumpeleka duniani, na ukimfundisha Kiingereza cha dagaa utamfungia mwaloni maisha yake yote. Ningekubaliana nao kama pendekezo lingekuwa kuishia ziwani. Ila lugha mpya na jambo jipya vikija pamoja, mwanafunzi anabeba mizigo miwili kwa mara moja, na aghalabu anaangusha yote. Ni busara aanze na kile ambacho tayari anakijua, ili nguvu zake zote ziende kwenye lugha, kisha lugha ikishapata miguu impeleke mbali. Na ziwa hili halijawahi kuwa mahali padogo. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu ya hali halisi iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapahapa Mwanza, kuhusu biashara ya sangara, ndege za mizigo, umaskini na mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kuchunwa. Ilizunguka dunia nzima na ikateuliwa kugombea Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani kwamba imeipaka nchi matope, na huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon naye aliandika kuipinga. Dunia ilizungumza juu ya watu wa Mwanza, kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa muda mrefu, na watu wa Mwanza wachache sana waliweza kujibu katika mazungumzo hayo. Sishauri darasa la kidato cha tatu lioneshwe filamu yote, kwani ina mambo mazito yasiyofaa umri ule. Lakini swali lake linawafaa kabisa. Je, ni kweli watu hapa walikula mapanki kwa sababu minofu ilipelekwa Ulaya? Waulizeni wazee, kisha mwandikieni mtengenezaji barua kwa Kiingereza, mkubali mnachokubali na mkanushe mnachokanusha. Hiyo ni insha ya hoja, aina ileile inayotakiwa kwenye mtihani, ila sasa ina mtu wa kuisoma na sababu ya kuandikwa.

Fasihi nayo imeachwa ikauke bila sababu. Vitabu teule vya sekondari havikuwa vibaya hata kidogo. Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala kinasimulia jinsi ukimwi ulivyoingia katika ukoo mmoja wa Uganda, nchi inayochangia ziwa hili nasi. Unanswered Cries cha Osman Conteh wa Sierra Leone kinahusu ukeketaji, jambo ambalo mkoa jirani wa Mara unalijua kwa uchungu. Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, Mwingereza aliyekuja kufundisha akawa Mtanzania, kina mwanamke kwenye usukani wa basi. Tatizo ni kwamba wanafunzi wengi hawavisomi. Nakala ni chache, basi mwalimu anaandika ubaoni muhtasari, wahusika na dhamira, nao wananakili ili wakazimwage kwenye mtihani. Mtu anaweza kupata alama za kuridhisha kwa kitabu ambacho hajawahi kukishika. Afadhali kurasa sita zisomwe kwa sauti darasani, zibishaniwe, ziigizwe, kuliko riwaya nzima kugeuzwa orodha ya dhamira. Na kwa kurasa hizo sita Kanda ya Ziwa ina hazina ambayo haijaguswa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika kwa Kikerewe, mnamo 1945, riwaya ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Ilibidi kusubiri hadi 1980 ndipo ikachapwa kwa Kiswahili, tafsiri aliyoifanya mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye wa Ukerewe, aliyekuwa tayari ameandika riwaya yake ya Kiingereza Village in Uhuru mwaka 1969, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya kazi hiyo. Kwa hiyo ipo kwa Kiingereza sura ya mume anayekwenda kwa wakwe kuomba arudishiwe mke aliyechukuliwa kwa sababu hawajapata mtoto, na kutozwa pombe ya ndizi. Mwanafunzi wa Nyamagana ana shangazi waliopitia mambo ya namna hiyo. Anaweza kumtetea Myombekere au wakwe zake kwa dakika kumi nzima, akiulizwa.

Je, Kiswahili kinachosikika katika kipindi hiki hakiharibu Kiingereza? Shule nyingi zina bango la kukataza lugha nyingine getini, na baadhi bado humvisha kibao mtoto aliyesikika akizungumza Kiswahili, akipitishe kwa mwenzake atakayekosea. Nia ni kuwafanya wazungumze Kiingereza, matokeo ni kuwafanya wasizungumze chochote. Ukimya si hatua ya kujifunza lugha. Kiswahili cha dakika tano za mwanzo, pale darasa linapokusanya mawazo, ni sehemu ya maandalizi, na mwalimu anayekitumia kwa mpango anajua pia wakati wa kukiacha: mjadala kwa Kiswahili, maandishi na ripoti kwa Kiingereza. Ninachokiogopa ni Kiswahili cha kukata tamaa, ambapo mwalimu anatafsiri kila sentensi yake mwenyewe, na mwanafunzi anajifunza kusubiri tafsiri. Hicho kipo kwa wingi, na marufuku ya getini haijakigusa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mwalimu mwenyewe. Ana mikondo minne yenye wanafunzi sabini au tisini kila mmoja, ongezeko lililokuja na shule za kata kuanzia 2004 na kufutwa kwa ada kuanzia 2016. Akisahihisha insha moja kwa kila mtoto amemaliza wiki mbili. Kisha mkuu wa shule anamdai wastani wa ufaulu. Haki yake kulalamika. Ila hesabu ya kuandika wawili wawili hupunguza rundo hadi nusu, na si lazima kila maandishi yasahihishwe neno kwa neno. Mwalimu anaweza kuchukua karatasi kumi, akaona kosa linalojirudia, akalifundisha kesho yake kwa darasa zima kutoka katika sentensi zao. Kuhusu mtihani, karatasi ya Kiingereza inadai ufahamu, barua, insha, na maelezo juu ya vitabu vilivyosomwa, pamoja na sarufi. Ni sehemu ndogo tu inayopatikana kwa kukariri umbo, na taarifa za Baraza zimesema miaka nenda miaka rudi watahiniwa huangukia wapi: pale wanapotakiwa kutunga. Kuna ushahidi wa nje pia. Huko Fiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya kuvutia takriban 250 kwa kila darasa katika shule za vijijini ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya pili, badala ya mazoezi ya maumbo. Wanafunzi hao walipiga hatua katika kusoma kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya wenzao. Walikuwa watoto wa msingi na mazingira yao si yetu, na bado ushahidi huo unasimama: lugha iliyopatikana kwa kufuatilia maana ilionekana hata kwenye mtihani wa kawaida.

Kuna watakaosema yote haya ni kupaka rangi ukuta wenye ufa, na kwamba dawa ni kufundishia sekondari kwa Kiswahili. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza hivyo mwaka 1982, serikali ikakataa. Sera ya elimu ya 2014 ikaufungua mlango, toleo lake la 2023 likakiacha Kiingereza palepale. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa mradi wa LOITASA ulioanza 2002, wameonesha kwa majaribio kwamba wanafunzi huelewa zaidi wakifundishwa kwa Kiswahili, na Qorro amesisitiza kwa miaka mingi kwamba njia ya kuwapa Kiingereza kizuri ni kukifundisha vizuri kama somo. Naamini wako sahihi, na hoja yangu ndiyo inayohitajika siku wakishinda. Kiingereza kikibaki somo moja kati ya mengine, kitakuwa kimepoteza ile nguvu ya kulazimisha, na kitabaki na mvuto wake peke yake. Kipindi kitakachosimama hapo ni kile chenye jambo ndani yake. Wakishindwa, mtoto wa Igoma ataendelea kuingia kidato cha kwanza kila Januari, na hawezi kusubiri sera.

Kazi ya kuandaa kipindi cha namna hii haimo katika vitabu vya kiada, na haifai kumwelemea mwalimu mmoja peke yake. Nyamagana ina Chuo cha Ualimu Butimba, chenye jina kubwa katika kufundisha sanaa, na ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe, ambacho wanafunzi wake wa ualimu huenda kwenye shule hizi kwa mazoezi kila mwaka. Badala ya kumkabidhi mwalimu wa mazoezi mada tatu za sarufi, mpeni kazi ya kukusanya: bango la bei, tangazo la meli, fomu ya hospitali, mahojiano na mwanika dagaa, ripoti ya gazeti juu ya ajali ya MV Bukoba ya Mei 1996, ambayo makaburi ya waliokufa yapo Igoma na wanafunzi hupita karibu nayo. Mahojiano yaliyoandikwa na kidato cha tatu, yakasahihishwa mara mbili na kufungwa pamoja kwa stepla, yanaweza kusomwa na kidato cha kwanza kabla ya kitabu chochote kutoka Dar es Salaam. Sentensi zake ni fupi kwa kuwa waandishi wake ndio kwanza wanajifunza, msamiati wake unajirudia kwa kuwa mambo ni yaleyale, na msomaji anawajua waandishi kwa majina. Nakala arobaini zinatosha kuanzia, mbili kwa kila dawati la watoto wanne.